Mwanga wa Dukani

Bibi yangu alistaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani akiwa na vidole kumi vizima na macho mawili yaliyochoka. Vidole mpaka leo vinakimbia. Macho ndiyo yaliyomwangusha, tena yakamwangusha mahali pabaya kuliko pote, kwenye karata.

Usicheke. Karata zenyewe hazikuwa za kupoteza muda. Zilikuwa za cherehani.

Cherehani hiyo iko chumbani kwa Bibi, juu ya sanduku, imefunikwa taulo. Ni ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika mpaka inabidi uambiwe kuwa ni maua. Iliachwa na mama yao, na mama yao alifariki bila kusema ni ya nani. Bibi anasema ni yake kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mdogo wake, ambaye ukoo mzima tunamwita Bibi Mdogo ingawa ana mwili wa kuwatosha watu wawili, anasema ni yake kwa sababu yeye ndiye aliyezungusha mkono wa cherehani huku mama akishona, na Bibi alikuwa kazi yake kula vipande vya chaki. Ubishi huo umenizidi umri mara mbili. Wajomba walisuluhisha mpaka wakachoka. Mwaka jana mama yangu, kwa kuishiwa nguvu tu, akawaambia basi chezeni karata, atakayefikisha ushindi wa hamsini achukue. Alidhani anatania. Wenyewe wakakubali siku ile ile.

Bibi Mdogo anaishi mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, kwa hiyo wanacheza kwenye kompyuta. Kila Jumamosi saa tisa alasiri Bibi anafungua laptopu yake kuukuu, karata zinagawiwa zenyewe, na pembeni kila mmoja anauona uso wa mwenzake. Mchezo ni ule rahisi. Kila mtu ana karata saba, unafuata aina au namba ya karata iliyo chini, na mwenye jeki anabadili aina apendavyo. Anayemaliza kwanza kashinda. Katikati ya mchezo wanaulizana habari za magoti na za wajukuu, lakini sauti zao ni za mawakili wawili wanaosubiri jaji aingie.

Bibi alitangulia. Alifika arobaini na tisa wakati mwenzake yuko arobaini na tano. Umebaki mmoja tu. Nikaanza hata kumtungia hotuba ya ushindi. Ndipo macho yakaanza vituko. Kwenye kile kioo kidogo cha laptopu, kopa na uru vyote vikawa doa jekundu. Akawa anaokota karata huku anayo ya kufuata mkononi. Akapoteza mchezo, akapoteza na wa pili. Arobaini na tisa kwa arobaini na saba.

Na Bibi Mdogo si mtu wa kumpa nafasi. Alikuwa muuguzi. Inasemekana alikuwa anasimama mlangoni mwa wodi na kusoma kipimajoto cha mgonjwa aliyelala dirishani. Macho yale hayajastaafu.

"Mume wangu," Bibi akaniambia Jumatatu yake, maana mimi ni mjukuu wake wa kwanza na jina la kuzaliwa huwa analikumbuka akikasirika tu, "tunakwenda kununua TV."

Nikamuuliza, TV ya nini, na mtu mwenyewe hata taarifa ya habari anaisikiliza kwenye redio. Akasema ya kuunganisha kwenye kompyuta, aone karata kubwa kama milango. Kaambiwa kanisani kuwa inawezekana. Nikamwambia inawezekana sana, na kwamba kwa bahati nzuri amezungukwa na mtaalamu. Moyoni nilikuwa nimeshaipima sebule yetu kwa macho. Nilitaka inchi hamsini na tano. Mechi zinaonekana vizuri kwenye inchi hamsini na tano.

Duka tulilokwenda lina ukuta mzima wa televisheni, na zote siku hiyo zilikuwa zinaonyesha samaki. Samaki wa njano, wa bluu, wenye midomo kama wanataka kukopa. Muuzaji alikuja amechomekea shati, akamwamkia Bibi kwa adabu, akauliza kama televisheni ni ya sebuleni au ya chumbani.

"Ya mezani," Bibi akasema.

Yule kijana akatabasamu kama mtu aliyesikia vibaya, akaendelea na samaki wake. Aliusifia ukuta wote, magamba haya, mapezi yale, rangi hii haijawahi kuonekana. Mimi kichwani nikambatiza Bwana Samaki. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, ndiyo mafunzo ya mahakamani hayo, kisha akamwambia hakuja kutafuta kitoweo. Awaondoe samaki, aweke herufi.

Bwana Samaki hakuwa na herufi. Bibi akanigeukia. Nikafungua mkoba, nikatoa laptopu niliyokuwa nimeizungushia taulo la cherehani, na waya. Halafu Bibi akaomba meza na kiti. Bwana Samaki akaeleza kwamba wateja huangalia wakiwa wamesimama. Bibi akasema yeye tangu aajiriwe hajawahi kufanya kazi amesimama, hawezi kuanza leo kwa ajili ya TV. Ikatafutwa meza, haikupatikana, mwisho ikachukuliwa ya keshia. Keshia akabaki ameikumbatia droo yake mapajani kama mtoto aliyelala.

Nikaanza na ile yangu. Inchi hamsini na tano, nyembamba kama sahani. Bibi akanyoosha mkono mpaka kidole cha kati kikagusa kioo. Hicho ndicho kipimo chao wapiga chapa, mkono mmoja kutoka puani. Akaanza kusoma ukurasa wa majaribio aliouandika nyumbani, na kichwa chake kikawa kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, kama anaangalia watu wawili wanaorushiana mpira.

"Shingo yangu itakwisha kabla ya mchezo," akasema.

Nikamwambia faida yake ni kwamba hii ataiona hata akiwa jikoni.

"Nikiwa jikoni nitakuwa napika. Anayeiona atakuwa ni wewe, na miguu yako juu ya meza yangu."

Keshia alicheka hadi droo ikalia. Hamsini na tano ikaishia hapo, na mechi zangu nazo.

Ya pili ilikuwa ndogo, inchi thelathini na mbili. Hii ilikata kingo. Mstari wa juu wa ukurasa ulikuwa umenyolewa vichwa, na chini kabisa, pale panapokaa saa ya kompyuta, hapakuwa na kitu. Bwana Samaki akasema ndivyo zilivyo. Nikaona hapa ndipo pa kurudisha heshima yangu. Nikaomba rimoti, nikaingia kwenye ukubwa wa picha, nikachagua ionyeshe picha yote bila kuivuta, vichwa vya herufi vikarudi na saa ikatokea. Bwana Samaki akanitazama kwa jicho la mtu anayeibiwa kazi. Lakini Bibi aliangalia kwa karibu zaidi, akaonyesha neno aliloliandika kwa rangi nyekundu. Lilikuwa limetafunwa pembeni, kama panya wamepita. Kwenye karata nusu ni nyekundu, akasema. Aondoe.

Ya tatu ilikuwa inchi arobaini na tatu. Mkono ulifika, shingo ilitulia, wekundu ulikaa ndani ya mistari yake. Ubavuni ina tundu la flashi, mtu anaweza kuweka picha zake akaangalia bila hata kompyuta, jambo ambalo Bwana Samaki alilitaja na Bibi hakulijali. Akaanza kupiga chapa. "Mshtakiwa alisimama kizimbani, akakana shtaka, akaomba maji." Vidole vilipita kama mvua juu ya bati, lakini herufi zilitokea zikiwa zimechelewa, moja moja, kama watoto wanaoitwa kuoga.

"Mimi nimeshamaliza," Bibi akasema, "yenyewe ndiyo kwanza inafikiria kama mshtakiwa asimame."

Bwana Samaki akakuna shingo. Akasema kuna namna ya kuiharakisha, ila kwa mtu mzima inamwia vigumu kuitaja. Inaitwa hali ya mchezo. Ni ya vijana, wanaopigana kwenye kompyuta.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "weka."

Akaweka. Herufi zikaanza kutoka chini ya vidole kama zilikuwa zinasubiri humo humo. Bibi akaandika mashahidi watatu na hukumu, watu waliokuja kununua pasi na majiko wakasogea kutazama, na mzee mmoja akauliza kama mshtakiwa kafungwa miaka mingapi.

Ilibaki jambo moja. Bwana Samaki, ambaye sasa alikuwa anaongea kama binadamu, alimwonya Bibi kuwa mwanga ule ni wa dukani. Zinawekwa zing'ae mno ili zishindane na taa na jua la mlangoni. Nyumbani, kwa mtu anayekaa umbali wa mkono, inabidi kuushusha mpaka nusu.

"La sivyo, mama, uso wako wote utakuwa unawaka."

"Uache uwake," Bibi akasema. "Kopa nimeliona kwa mwanga huu. Naitaka nyumbani hivi hivi ilivyo, usiguse hata kidogo."

Mimi nilisoma mahali fulani ushauri kama ule ule wa Bwana Samaki. Ningeweza kumuunga mkono. Lakini nilikuwa bado naiomboleza hamsini na tano yangu, nikanyamaza.

Jumamosi ile meza ya Bibi ilikuwa kama studio. TV mbele, laptopu chini yake imeinuliwa kifuniko ili kamera imwone, Bibi katikati na miwani yake ya fremu nene. Karata zilikuwa kubwa kweli kama milango. Hakukosea hata moja. Alicheza mchezo safi kuliko yote niliyowahi kuona, akabakiwa na karata moja, kopa, na chini kuna kopa. Nikaanza kupiga makofi ya kimyakimya. Bibi Mdogo akatoa jeki, akabadili aina kuwa shupaza. Bibi akaokota karata, na nyingine, na nyingine, mpaka akapoteza. Arobaini na tisa kwa arobaini na nane.

Wa pili ukawa hivyo hivyo. Bibi akabaki na kopa tena, safari hii chini kuna saba ya kopa. Bibi Mdogo akatafakari, akaulizia hali ya goti, kisha akaweka saba ya pau. Kila Bibi alipobakiza karata moja, mwenzake alikuwa anaikwepa kama dimbwi. Mwishoni mwa mchezo huo waya wa umeme wa laptopu ulichomoka, nikapiga magoti chini ya TV kuuchomeka, nikainua kichwa, nikamwona Bibi kutoka pale pale inapomwonea kamera.

Ndani ya miwani yake kulikuwa na televisheni mbili. Ndogo, nzuri, zinang'aa. Na katikati ya kila moja limekaa kopa jekundu, kwenye kila jicho, kama katuni ya mtu aliyependa. Karata zikiwa nyingi huwa vidoa tu, lakini ikibaki moja mchezo huikuza, ikasomeka.

Nilisubiri walipoagana. Arobaini na tisa kwa arobaini na tisa, mchezo wa mwisho Jumamosi ijayo. Laini ilipokatika nikamweleza. Bibi hakuamini, nikampiga picha kwa simu akiwa ameketi pale pale, nikaikuza, nikamwonyesha. Alivua miwani, akaishika mbele yake, akaitazama kama shahidi wa upande wake aliyegeuka kizimbani.

Nikamwambia si tatizo, ni kubonyeza mara tatu tu, nishushe mwanga kama Bwana Samaki alivyosema. Nilikuwa nimeshaichukua rimoti. Bibi akanishika mkono.

Alitazama mlango wa chumbani, upande wa cherehani. Halafu nikaona tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwenye picha yake yoyote ya kazini.

"Kwa hiyo ananisoma," akasema. "Basi tumwandikie."

Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa chuo cha uhalifu. Mpango ulikuwa hivi. Nilipiga picha ya mchezo kwenye kioo, ikiwa imebaki karata moja tu ya Bibi, nane ya kopa, nikaiweka kwenye flashi na flashi nikaichomeka kwenye lile tundu la ubavuni ambalo Bibi hakulijali dukani. Rimoti ingekaa kwangu, nami ningekaa sakafuni kando ya meza, nje ya kamera. Muda wa hatari ukifika, Bibi angevua miwani kuifuta, na wakati anaifuta mimi nageuza TV kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye picha ya flashi. Mchezo wa kweli ungeendelea kwenye laptopu, ambayo Bibi haisomi, lakini mimi naisoma. Na karata ya mwisho haihitaji macho. Mchezo ule unakubali kubonyeza namba, na karata ikiwa moja, namba ni moja. Ningemgusa kidole gumba cha mguu, naye angebonyeza. Mtu aliyepiga chapa miaka thelathini na mitatu bila kutazama chini hashindwi na namba moja.

Tulifanya mazoezi hadi mama yangu akauliza kwa nini Bibi anafuta miwani hata akiwa anakula.

Jumamosi ikafika. Bibi Mdogo alitokea amevaa vizuri, na nyuma yake, kama simsingizii, alikuwa ameshapanga nafasi ya cherehani. Kulikuwa na kameza katupu karibu na dirisha, kamefutwa. Bibi alikaona pia. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua.

Mchezo ulikwenda polepole. Mimi sakafuni miguu ilikufa ganzi, mmoja baada ya mwingine. Bibi aliacha TV ionyeshe ukweli mtupu, karata zote, mpaka nikaogopa kuwa kasahau. Hakusahau. Alikuwa anamzoesha shahidi. Akabakiwa na mbili, jeki na tisa ya pau. Akatoa jeki, akachagua pau, akabakiwa na ile tisa, kichwa ameshakiinamisha. Na hapo hapo, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka na dunia hii, akavua miwani.

"Vumbi la huku," akamwambia mdogo wake, "halina adabu."

Nikabonyeza. TV ikawa nyeusi kwa sekunde moja iliyochukua kama mwaka, kisha nane ya kopa ikatokea, kubwa, nyekundu, na mwanga wote wa dukani nyuma yake. Bibi akavaa miwani. Akanyoosha shingo kidogo mbele, asomeke vizuri.

Kwenye laptopu niliona uso wa Bibi Mdogo ukisogea karibu na kamera yake. Macho yake yakawa membamba. Halafu akaegemea kiti, na uso ukamlainika kabisa. Alikuwa na karata tatu mkononi. Kwa jinsi ilivyojulikana baadaye, mojawapo ilikuwa jeki, ambayo angeweza kuitumia kuikimbia pau. Lakini akimbie ya nini, na dada yake, kwa macho yake yale, kachagua pau huku ana kopa? Akaweka sita ya pau, akauliza kama goti limepata nafuu.

Nikagusa kidole gumba.

Bibi akabonyeza moja. Tisa ya pau ikaanguka juu ya sita ya pau, na kompyuta ikapiga kale kamuziki kake ka pongezi kanakofanana na mlio wa gari la kuuza barafu.

Bibi Mdogo alitazama kioo chake. Akatazama tena.

"Wewe ulikuwa na kopa," akasema. "Nane ya kopa. Nimeiona kwa macho yangu."

Bibi akakunja mikono juu ya meza, kama walivyokuwa wakifanya mahakimu aliowapigia chapa miaka yote ile.

"Umeiona wapi, mdogo wangu?"

Kiganja cha Bibi Mdogo kikaja, kikubwa, kikafunika kamera yote, na sauti nyuma yake ikasema kwamba mtandao wa huko kwao leo si mzuri. Ukakatika. Mtandao wenyewe, tangu asubuhi, ulikuwa haujayumba hata mara moja.

Siku nne hakupiga simu wala kutuma salamu. Bibi alijifanya hajali, ila kila simu ilipolia alikuwa wa kwanza kuuliza ni nani. Siku ya tano ujumbe ukaingia, tena haukuja kwa Bibi. Ulikuja kwangu. Ulianza na salamu ndefu za wauguzi, umekula, umelala vizuri, kisha ukafika kwenye jambo. "Mjukuu wangu mpenzi, naomba kuuliza, ila usimwambie dada. Hiyo televisheni mliyonunua ni ya aina gani? Kuna wakati huwa inaonyesha kitu ambacho hakipo?"

Nilikwenda nao moja kwa moja kwa huyo dada mwenyewe. Alikuwa chumbani ameiteremsha cherehani kutoka kwenye sanduku, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, anashona kifuniko cha TV kwa kitambaa cha pazia la zamani. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unasukuma kitambaa, mshono unakwenda upande. Nikamsomea. Akasoma mwenyewe pia, simu ameisogeza mpaka puani, akaguna kwa raha.

"Mwambie aje aione," akasema. "Na akija, anizungushie huu mkono. Peke yangu unanishinda."

Kisha akaufikiria mshono wake uliopinda, akaniambia nisitume hayo bado, nianze kwanza kumjibu alichouliza. Nikamwandikia: "Ni ya kawaida tu, Bibi. Ila tumeiacha na mwanga wa dukani."